Hiari Yashinda Utumwa: Habari za Majaribio ya Tiba katika Nchi ya Chai

Msomaji, ukisafiri kwa njia kuu itokayo Nakuru kwenda Kisumu, utafika mahali ambapo nchi hubadili vazi lake. Mashamba ya mahindi na viazi hubaki nyuma, na pande zote mbili za barabara hutandikwa zulia la kijani lililokatwa sawasawa. Hiyo ndiyo nchi ya chai ya Kericho, nayo yaendelea upande wa kusini hata Bomet. Iko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mara nyingine huja na mawe. Humo wachumaji husimama wamezama hadi kiunoni katika michai, vikapu mgongoni, vidole vikitafuta majani mawili na chipukizi lake.

Kila mtu aijua nchi hii kwa chai yake. Ni wachache wajuao kwamba imetoa na mavuno mengine, ambayo hayapimwi kwa mizani ya kiwanda wala hayauzwi katika mnada wa Mombasa. Mavuno hayo ni maarifa juu ya mwili wa binadamu, maradhi yake na mienendo yake. Walioyatoa si mabingwa peke yao. Ni wafanyakazi wa mashamba na jamaa zao, wengi wao vijana, ambao walitoa damu yao, wakati wao na hata siri zao ili wengine wapate kujua jambo lisilojulikana.

Siku moja, pengine si mbali, wewe nawe waweza kuombwa vivyo hivyo. Ukitimiza miaka 18, sheria ya Kenya hukuhesabu mtu mzima. Watafiti wa chuo kikuu au wa taasisi ya serikali waweza kubandika tangazo chuoni kwako, au kuja kijijini kwenu, wakitafuta vijana wa kushiriki katika majaribio ya dawa au chanjo, au katika uchunguzi wa mienendo: vijana hula nini, hunywa nini, hupendana vipi, huhuzunishwa na nini. Utajibu nini? Ili ujibu kwa akili, yafaa kwanza uzijue habari za wale walioulizwa kabla yako, na za wale ambao hawakuulizwa kamwe.

Huenda ukasema: kuna haja gani ya kujaribu dawa juu ya watu? Je, daktari haijui dawa yake? Jibu ni kwamba macho ya mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hudanganyika upesi. Mgonjwa akinywa dawa akapona, yamkini angalipona hata bila dawa. Akifa, yamkini angalikufa kwa vyovyote. Hapana njia ya kujua ila kulinganisha. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili, akawapa kila wawili kitu chao. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa na malimau. Hao wawili wa mwisho ndio waliopata nafuu haraka kuliko wote. Karne mbili baadaye, mwaka 1948, Waingereza walichapisha majaribio ya dawa ya streptomycin kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ambamo aliyepewa dawa na asiyepewa waliamuliwa kwa kura, ili huruma ya daktari na hila ya mgonjwa zisiingie katika hesabu.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika kazi hiyo. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa kifua kikuu walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo mgonjwa alipaswa kutumia dawa kwa muda wa miezi 18 hivi, na wengi walichoka njiani wakaziacha. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba miezi 6 ya dawa zilizochaguliwa vema, rifampicin ikiwa mojawapo, yaweza kutosha. Leo, popote duniani mgonjwa anapoambiwa atumie dawa kwa miezi 6, ana deni kwa wagonjwa wa nchi zetu ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote.

Kadhalika tunalo funzo la kwetu juu ya hatari ya kuamini kabla ya kulinganisha. Mwaka 1990 ilitangazwa nchini Kenya dawa iliyoitwa Kemron, nayo ilisifiwa kuwa yawaondolea wagonjwa wa UKIMWI dalili za ugonjwa wao. Taifa zima lilifurahi, na wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuja kuitafuta. Lakini dawa hiyo ilipojaribiwa kwa ulinganifu, katika nchi nyingine na kwa uangalifu mkubwa, haikuonekana kuwa na faida iliyodaiwa. Kosa halikuwa kutumaini. Binadamu huishi kwa matumaini. Kosa lilikuwa kupiga vigelegele kabla ya hesabu kwisha.

Basi majaribio yana haja. Lakini haja ya jambo haihalalishi kila njia ya kulipata. Hapa ndipo historia inapotuonyesha uso wake mwingine.

Katika miaka ya 1906 na 1907, Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, katika ziwa la Viktoria, upande wa Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaua watu kwa maelfu. Koch aliwatia wagonjwa dawa iitwayo atoxyl, iliyokuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilipoonekana kwamba vijidudu hurudi katika damu, alizidisha kipimo. Baadhi ya wagonjwa walipofuka, wala hawakuona tena. Watu wale walikuja kambini kwa sababu walikuwa wakifa na hawakuwa na pa kwenda. Wanaweza kuitwa waliokubali? Mtu anayezama hushika hata upanga, lakini hatusemi kwamba ameuchagua.

Huko Marekani, katika mji wa Tuskegee, jambo baya zaidi lilitendeka. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwafuata wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Hata penisilini ilipothibitika kuwa yautibu, hawakupewa, kwa kuwa watafiti walitaka kuona mwisho wa ugonjwa usiotibiwa. Ilipita miaka 40 kabla ya magazeti kuifichua habari hiyo. Mwaka 1997 Rais wa Marekani aliwaomba radhi wachache waliokuwa wangali hai.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kijerumani waliowatesa wafungwa kwa jina la utafiti walishtakiwa mjini Nuremberg. Hukumu ya mwaka 1947 ilitoa kanuni kumi, na ya kwanza yasema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisiloepukika. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Helsinki, kikaweka azimio la kuwaongoza matabibu wote. Msingi wake ni kwamba masilahi ya mtu anayechunguzwa hutangulia masilahi ya elimu.

Sasa turudi Kericho. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai kwa mashamba makubwa katika miaka ya 1920, katika ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Wafanyakazi walikuja kutoka kwa Wakipsigis wenyewe, na kutoka kwa Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo. Malaria iliingia pamoja nao. Katika nchi za joto, mtu anayeumwa na mbu mwaka mzima hujenga kinga fulani mwilini. Katika nchi ya baridi kama Kericho, watu hawana kinga hiyo, na malaria ikija huja kama moto katika nyasi kavu. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940 dawa ya Paludrine ilitolewa kwa wafanyakazi wa mashamba ili iwakinge, na mwaka 1950 taarifa yake ilichapishwa katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki.

Dawa ile ilikuwa njema, na nia ya kuwakinga watu na homa ni nia njema. Lakini tafakari jambo hili, msomaji. Zama zile hapakuwa na kanuni nchini Kenya iliyomlazimu daktari wa shamba kumweleza mfanyakazi kusudi la uchunguzi na kumwomba ridhaa yake. Mfanyakazi aliishi katika nyumba ya kampuni, alitibiwa katika zahanati ya kampuni, na alipokea amri ya nyapara wa kampuni. Akiambiwa ameze kidonge, nani angalimfundisha kwamba aweza kusema hapana? Jambo jema lililofanywa pasipo kuuliza laweza kuuponya mwili, lakini humwacha mtu akiwa mtoto mbele ya mwingine.

Ilipita miaka 50, na ugonjwa mwingine ukafika katika mashamba yale. Mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, walishirikiana na watafiti wa Jeshi la Marekani kuchunguza UKIMWI Kericho. Mradi wa Wamarekani hao uliitwa Walter Reed. Jina hilo lastahili maelezo. Walter Reed alikuwa tabibu wa jeshi ambaye mwaka 1900, kisiwani Cuba, alithibitisha pamoja na wenzake kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Waliojitolea kuumwa na mbu hao waliandikiwa mkataba, nao ulitafsiriwa kwa Kihispania ili wahamiaji kutoka Hispania waufahamu. Mkataba ulikiri kwamba hatari ilikuwapo. Huo ni mmoja wa mikataba ya kwanza kabisa ya namna hiyo. Hata hivyo ulikuwa na kasoro: uliahidi dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine kwa atakayeugua. Kwa mhamiaji fukara, dhahabu nyingi kiasi hicho yaweza kulisukuma neno ndiyo litoke kinywani kabla moyo haujakubali.

Katika uchunguzi wa Kericho waliandikishwa watu wazima 2,801 waliokaa katika shamba la chai. Waliulizwa habari za ndoa zao, kazi zao na mienendo yao, wakatoa damu ikapimwa. Ilionekana kwamba watu 14.3 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wanawake walikuwa wameambukizwa zaidi kuliko wanaume. Hapo awali wengi walidhani kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa miji mikubwa na barabara za malori. Hesabu ile ilionyesha kwamba umekwisha kupanda mlima, ukaingia katika nyumba za wachumaji.

Jambo jingine lilionekana. Wakipsigis huwatahiri vijana wao jandoni tangu kale. Waluo, kwa mila zao, hawakuwa na desturi hiyo. Katika shamba moja waliishi waliotahiriwa na wasiotahiriwa, wakifanya kazi ileile na kupata mshahara uleule. Wanaume 1,378 walifuatwa kwa miaka miwili. Wasiotahiriwa waliambukizwa kwa kiasi cha mara tatu kuliko waliotahiriwa. Je, tohara ndiyo iliyowakinga? Usiharakishe kujibu. Waliotahiriwa walitofautiana na wenzao kwa mambo mengi: kabila, malezi, pengine dini na namna ya kuoa. Nani ajuaye kama kinga ilitoka katika tohara au katika mojawapo ya mambo hayo? Kutazama tu hakuwezi kulifungua fundo hili. Palihitajika kura.

Kura hiyo ilipigwa Kisumu, mwendo wa saa chache kutoka Kericho. Kuanzia mwaka 2002, vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois mjini Chicago, na Manitoba nchini Kanada viliwatafuta vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 24 ambao walikuwa tayari kutahiriwa na hawakuwa na virusi. Walipatikana 2,784. Kwa kura, 1,391 walitahiriwa mara moja, na 1,393 waliombwa kungoja miaka miwili. Wote walipewa mashauri ya namna ya kujikinga. Kamati ya wataalamu wasio na upande iliwekwa kuchungulia hesabu kila baada ya muda. Mwezi wa Desemba mwaka 2006 kamati hiyo iliona kwamba waliotahiriwa walioambukizwa ni 22, na waliongojea ni 47. Iliamuru majaribio yakome. Kwa nini? Kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kupatikana, na kuendelea kuwangojesha wengine kungalikuwa kuwadhulumu. Wale waliokuwa wakingoja walipewa nafasi ya kutahiriwa.

Pima tofauti, msomaji. Huko Tuskegee tiba ilijulikana ikafichwa ili uchunguzi uendelee. Kisumu kinga ilijulikana, na uchunguzi ukasimamishwa ili kinga itolewe. Watafiti waliuliza pia swali la mienendo: je, kijana aliyetahiriwa hatajidhani amevaa ngao, akazidi kuwa mzembe? Waliwafuata kwa maswali na vipimo, wala hawakuona kwamba uzembe ulizidi kwa sababu ya tohara. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa tohara ya hiari hospitalini. Lakini lazima nikukumbushe kwamba tohara hupunguza hatari, haiiondoi. Katika waliotahiriwa mlikuwamo na wale 22.

Si kila jaribio huishia kwa furaha. Kuanzia mwaka 2006, watu 324 wa Kampala, Kericho na Mbeya walijitolea kuchanjwa chanjo ya majaribio ya UKIMWI. Haikuwa na virusi hai vya ugonjwa huo, kwa hiyo haikuweza kumwambukiza mtu. Lakini ilikuwa na mzigo wake. Chanjo ya namna hiyo yaweza kuufanya mwili utoe alama ambazo kipimo cha kawaida huzidhania kuwa za ugonjwa. Fikiri juu ya kijana aliye mzima, anayetaka kuoa au kutafuta kazi, naye akipimwa aonekana mgonjwa! Hapana budi aambiwe jambo hilo kabla ya sindano, si baada yake. Matokeo yalionyesha kwamba chanjo ilivumilika na iliuamsha mwili. Hata hivyo chanjo ya jamii hiyohiyo ilipojaribiwa Marekani kwa watu wengi zaidi, mwaka 2013 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa haikukinga. Hata leo chanjo ya UKIMWI haijapatikana. Je, wale 324 walipoteza wakati wao? La hasha. Anayepita njia isiyofika mahali, akarudi kuwaambia wenziwe, amewapunguzia safari.

Na kuanzia mwaka 2009 lilifanyika jambo lililotaka uvumilivu mkubwa kuliko yote. Katika Kericho, Mbeya, Kampala na nchi ya Thailand, watu 2,276 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa walikubali kuchomwa kidole mara mbili kila juma. Kusudi lilikuwa kuvinasa virusi katika siku zake za kwanza kabisa, kabla mwili haujatoa dalili zionekanazo kwa vipimo vya kawaida. Hakuna aliyeambukizwa kwa makusudi. Wote walipewa mashauri ya kujikinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba virusi hufikia kilele chake katika damu baada ya siku 13 hivi tangu vionekane mara ya kwanza. Maneno hayo machache yalinunuliwa kwa maelfu ya matone ya damu.

Usidhani kwamba kazi hii ni ya wanaume na watu wa mashamba tu. Kuanzia mwaka 2018, KEMRI na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani waliwaomba wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, katika Thika, Nairobi na Kisumu, washiriki katika majaribio ya chanjo ya virusi viletavyo saratani ya shingo ya kizazi. Swali lilikuwa: je, sindano moja yatosha, badala ya mbili au tatu? Wasiopata chanjo hiyo kwanza walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine wa hatari, ili kila mmoja aondoke na faida, na baadaye nao wakapewa zamu yao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba sindano moja ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za virusi zilizo hatari zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba sindano moja yaweza kutumika. Wasichana wa rika lako ndio waliolijibu swali ambalo wazee wa elimu walikuwa wakibishania.

Sasa nakuomba urudi nami katika nyumba ya mchumaji chai, kwa maana hapo ndipo palipo na ugumu wenyewe. Kanuni za Nuremberg na Helsinki ni nzuri katika karatasi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI nayo yataka ridhaa ya maandishi kabla mtu hajafanyiwa utafiti wa ugonjwa huo. Lakini karatasi haijui njaa. Mtu ambaye nyumba yake, shule ya watoto wake na zahanati yake vyote ni vya mwajiri mmoja, aweza kuogopa kwamba akikataa ataonekana mkaidi. Mtu asiye na fedha za kumwona daktari aweza kukubali kwa kuwa huko tu ndiko atakakopimwa bure. Mwingine aweza kuweka kidole gumba katika karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Katika hali kama hizo, ndiyo iliyoandikwa ina uzito gani?

Wengine husema kwamba kwa sababu hiyo maskini wasiombwe kamwe. Mimi siafiki. Tukiwaacha watu wa mashamba nje ya utafiti, dawa zitajaribiwa kwa miili ya watu wengine, katika nchi nyingine, kisha tutaletewa bila kujua kama zatufaa. Malaria ya milimani haichunguzwi London. Dawa ya haki si kuwanyamazisha maskini, bali ni kulifanya neno lao la hapana liwe jepesi kutamka. Mwombaji asiwe nyapara wala bwana wa kazi. Jina la aliyekubali na la aliyekataa lisimfikie mwajiri. Maelezo yatolewe kwa Kikipsigis, Kijaluo, Kikisii au Kiswahili, kwa kadiri ya msikilizaji. Nauli na muda wa kazi uliopotea vilipwe, lakini malipo yasiwe makubwa hata yakampofusha mtu kama dhahabu ya Cuba. Na atakayetaka kutoka katikati atoke, wala asinyimwe matibabu yake ya kawaida.

Kwa hiyo, kijana, utakapoombwa, usikimbie kwa hofu wala usiingie kwa tamaa. Kaa kitako uulize. Ni jambo gani mnalotaka kujua, na kwa nini halijulikani? Nitafanyiwa nini, mara ngapi, na hatari yake ni ipi? Nikidhurika, nani atanitibu? Siri zangu zitahifadhiwa wapi, na nani atazisoma? Dawa ikifaulu, je, sisi wa hapa tutaipata? Ni kamati gani iliyoidhinisha kazi hii, nami nitampata nani nikiwa na malalamiko? Mtafiti mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa kazi yake mwenyewe ni kuuliza. Akikunja uso, umekwisha kupata jibu lako. Omba pia muda ukashauriane na wazazi au mtu unayemwamini. Na ikiwa hujatimiza miaka 18, kwa kawaida ridhaa ya mzazi au mlezi hutakiwa pamoja na yako.

Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Wagonjwa wa visiwa vya Sese hawakuwa na hiari, na wafanyakazi waliomezeshwa Paludrine hawakuulizwa. Vijana wa Kericho, Kisumu na Thika waliulizwa, wakajibu, na baadhi yao bila shaka walikataa. Hao waliokataa nao wana sehemu katika heshima hii. Kwa kuwa wao waliweza kusema hapana wakaenda zao kwa amani, twajua kwamba wenzao waliosema ndiyo hawakusukumwa.